Chemchemi Iliyokuja Kukata Rufaa

Niliota usiku wa jana, na ukitaka kucheka subiri kwanza nimalize, kwamba chemchemi ya maji moto ya Mtandango imekuja kunitafuta chumbani. Ilibisha hodi kistaarabu. Nikaikaribisha, ikaketi kitandani, shuka likalowa lote.

Nilijua kilichoileta. Mchana nilikuwa nimepima chupa zake mbili kwa vijiti vya kupimia sumu, ile inayotolewa na utando wa kijani majini, sianobakteria. Chupa moja niliteka jichoni, pale maji yanapobubujika, watu wanapochota wakayapoza wakanywa. Nyingine niliteka kwenye dimbwi la chini, wanakonywa mbuzi. Jicho likatoka na sumu, dimbwi likatoka safi. Na mama mdogo Asumini, aliyenilea tangu mama afariki, na ambaye ndiye mwenyeji wangu huku, ana siku kumi na mbili anakunywa maji ya jichoni kwa ajili ya magoti. Jioni nilikimwaga kikombe chake nikasingizia inzi. Kumwambia ukweli sikuwa na mdomo.

Sasa chemchemi inaniambia imekuja kukata rufaa. Naiambia, kwa sauti ile ile ya kazini, kwamba kwa mujibu wa taratibu sampuli haisikilizwi mpaka ipoe hadi nyuzi nne. Haibishi. Inaingia kwenye kisanduku cha barafu, inajikunja, inaanza kutetemeka.

"Tangu niumbwe sijawahi kuhitaji sweta," inasema.

Naitafutia la mama mdogo. Linaienea. Taratibu zinasema pia sampuli isipigwe na mwanga, kwa hiyo nalizima jua. Swichi yake iko nyuma ya mlango, sijui kwa nini sikuwahi kuiona.

Nilipoliwasha tena hatukuwa chumbani. Tulikuwa ofisi ya kata, kikaoni, na mwenyekiti ni mbuzi beberu mwenye miwani ya kusomea. Ajenda ni moja: kulizungushia jicho uzio. Mama mdogo ameketi mstari wa mbele, na kila nikimtazama anazidi kuwa wa kijani, kuanzia miguuni. Ananiambia magoti siku hizi hayamsumbui hata kidogo. Jamani, niliogopa.

Beberu akaziita chupa zitoe ushahidi. Zikapanda mezani zikala kiapo. Ya kwanza ikaulizwa jina, ikasema jina hailijui, ila kifuniko ilichovaa si chake. Ya pili ikasema nayo ilichovaa kinaibana.

"Nani aliwavalisha?" akauliza beberu.

Zikanigeukia zote mbili.

Hapo nikakumbuka, ndani ya ndoto humo humo. Mtandango hakuna anayeikaribia chemchemi na chombo kilichofungwa. Ni sawa na kumtembelea mtu ukiwa na kufuli mkononi. Bi Somoe, anayeitunza, alinisimamisha njiani akaniambia nifungue kila kitu. Nikafungua, vifuniko nikavifunga pamoja kwenye pindo la kanga. Nilifanya hivyo kwa heshima. Sasa mimi, mtaalamu mzima, majina ya sampuli nilikuwa nimeyaandika wapi? Kwenye vifuniko.

Beberu akavua miwani. "Kwa hiyo wanaokunywa sumu ni sisi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akasema atalijadili na wenzake. Kijani kikaanza kumtoka mama mdogo taratibu, kikafika vidoleni, kikaisha. Chemchemi ikavua sweta, ikalikunja vizuri, ikaniaga.

Niliamka alfajiri. Nikajisemea ndoto ni ndoto, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye cheti cha maabara hapekui chupa kwa neno la beberu. Nikaondoka kitandani nikapekua. Chupa zenyewe ni za kahawia, ndani huoni kitu, kwa hiyo ile yenye kifuniko cha jicho niliimimina kwenye bilauri, nikaisogeza dirishani. Chini kabisa kulikuwa na unywele mmoja mfupi, mweupe, mgumu.

Ulikuwa wa mbuzi. Na pale jichoni mbuzi hasogei; maji yanatoka na joto la kuivisha yai.

Najua nitapaswa kuteka upya na kuandika majina ubavuni mwa chupa. Hayo yatafuata. Kwanza nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, kamasi na machozi. Mama mdogo alikuwa anapita uani na kikombe chake cha asubuhi, akachungulia, akaniuliza nalilia nini na hata jua halijatoka.

"Nawalilia mbuzi," nikamwambia. "Jifunge kanga mama, twende tukawazuie kabla hawajafika dimbwini."

Akanitazama kidogo. Kisha akanywa kikombe chake chote, funda kwa funda, na mimi sikumzuia.