Sura ya Tisa Aliyoiruka

Nimeandika riwaya kumi na tisa za mapenzi, na wanaozibeza ndio hao hao wanaozisoma wakiwa wamezifunika kwa gazeti. Nimewaona kwenye foleni za benki, nimewaona saluni chini ya draya. Ukimuuliza mtu atakwambia amekiokota tu hapo. Amekiokota, na yuko ukurasa wa mia mbili na kumi!

Mhariri wangu alikuwa kinara wao. "Mapenzi si fasihi, dada yangu," alikuwa akiniambia huku anatafuna kifuniko cha kalamu. Miaka kumi na moja alisoma sura ya kwanza na ya mwisho tu za kila kazi yangu, katikati akamwachia mpanga kurasa asahihishe tahajia. Kwake yeye katikati ya hadithi ya mapenzi ni kulia na kubusiana basi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa vitabu vilitoka.

Nikampelekea ya ishirini. Naandika kwa mkono, na yale madaftari sita ndiyo nakala pekee niliyokuwa nayo. Nikiuliza, naambiwa ofisi inahama. Nikiuliza tena, "Yatakuwa yamepotelea kwenye maboksi, pole sana." Nililia kama mtu aliyefiwa. Mwaka uliofuata nikaikuta dirishani mwa duka la vitabu: hadithi yangu, sentensi yangu ya kwanza neno kwa neno, na kwenye jalada jina lake. Na magazeti yanaisifu! Imeandikwa na mwanamume, basi imeshakuwa fasihi.

Hasira ilinipanda. Ningeshtaki kwa ushahidi gani? Nilitaka kitu kimoja tu: aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba kitabu ni changu. Nikakinunua, nikakisoma nimesimama hapo hapo dukani. Nilipofika sura ya tisa nikacheka mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Niwaeleze ninavyofanya kazi. Mpenzi wa kwenye riwaya unaweza kumbuni kuanzia unyayo hadi utosi, kwa sababu hakuna msomaji aliyewahi kukutana na mwanamume wa namna hiyo akaja kukukosoa. Mtu mbaya hapana. Mbaya asipokuwa na damu, kitabu kimekufa. Kwa hiyo kwenye rasimu ya kwanza namchukua mtu hai, mzima mzima, na nguo zake na uongo wake. Rasimu ya pili ndipo ninapomvua na kumvisha sura nyingine. Madaftari yale yalikuwa rasimu ya kwanza. Nilimpa mhariri aangalie tu kama hadithi itafaa, nikijua fika kwamba katikati hafiki. Na mbaya wa sura ya tisa alikuwa yeye mwenyewe.

Wiki mbili baadaye kikazinduliwa, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa maktaba. Mke wa mhariri alikaa mstari wa mbele na gauni jipya, uso umemng'aa. Alikuwa hajakisoma bado. Mume alimwahidi nakala yenye sahihi siku hiyo. Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini huruma yenyewe haikutosha kunirudisha nyumbani.

Mkutubi ana utaratibu wake: mwandishi hasomi kitabu chake, anasoma mmoja wa wageni, ukurasa anaoupenda. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Mhariri aliponiona uso ulimshuka, ila angenikatalia kwa sababu gani? Nikafungua sura ya tisa.

"Kila Alhamisi alimwambia mkewe anasimamia uchapaji kiwandani," nikasoma, taratibu, kama nabembeleza mtoto. "Kisha alipanda ngazi za nyuma ya dobi hadi kwa fundi cherehani wake, aliyemwita malkia. Siku moja kifungo cha sweta aliyofumiwa na mkewe kikakatika. Fundi akamshonea cha kahawia kwenye sweta ya kijivu."

"Kifungo cha kahawia," mke wake akasema. Hakupaza sauti. "Uliniambia umeshonewa na mfagizi wa ofisini."

"Mke wangu, hiyo ni hadithi tu."

"Hadithi uliyoiandika wewe! Sweta nimefuma mimi, umekwenda kushonewa huko, ukaja ukaandika, halafu ukaniita nikupigie makofi?"

Mhariri akatazama mlango. Akawatazama waandishi wa habari. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola, nami nikamngoja, sina haraka.

"Sikuandika mimi!" akapiga kelele. "Hata kukisoma sijakisoma! Ni cha huyo hapo, madaftari aliniletea yeye!"

Jamani, raha niliyoipata sijawahi kuiandika kwenye kitabu chochote. Kalamu za waandishi wa habari zilikuwa zinakimbia. Mkutubi akafuta jina la mhariri ubaoni, akaniuliza langu linaandikwaje. Watu wakaanza kupanga foleni mbele yangu na nakala zao.

Mke wake hakupanga foleni. Alikuja moja kwa moja, akachukua kitabu mkononi mwangu, akageuza ukurasa na kuendelea kusoma kimya kimya pale nilipoishia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mume alimshika bega, mke akalichomoa.

"Hapa kuna mwanamke mwingine," akaniambia. "Anafanya kazi na huyu mwanamume. Mke akipiga simu Alhamisi, yeye ndiye anapokea. Anasema, 'Usijali shemeji, tuko naye hapa, tunahariri.'" Akainua macho. "Huyu umembuni?"

Nilikuwa nimeshapata nilichokijia. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na neno moja tu la uongo lingenitosha.

"Sikumbuni," nikasema. "Simu zile nilikuwa napokea mimi."

Akaniwekea kitabu mezani, wazi, kidole chake kwenye mstari ule.

"Basi anza na changu," akasema. "Sahihi yako weka hapa."