Mkilua Ndani ya Ndoo ya Rangi

Mkono wangu una baraka. Nikichomeka fimbo kavu, inachipua. Ila fimbo yenyewe ilikuwa ya muhogo, na muhogo huchipua hata ukiutupa jaani.

Lakini hapa Tibirinzi watu wameshaamini, na kila Sikukuu ya Ramadhani mimi siwapelekei mashoga zangu sahani ya tambi. Nawapelekea mche. Tambi zinaliwa, na mtu akakusahau kabla hajanawa. Mche utamkera kila asubuhi kwa kutaka maji.

Mwaka huu nilikuwa na sababu nyengine. Nyumba ninayokaa ni ya marehemu mume wangu, Humoud, na watoto wake wa mke mkubwa wameshaiuza kimya kimya kwa mtu wa Unguja. Haki yao, sina ugomvi nao. Huyo mnunuzi anataka kutia saruji ua mzima apate pa kuweka gari. Sikukuu ikipita nahamia Wete, kule Jadida, kwa binti yangu Hind, ghorofani, ambako udongo upo kwenye viatu tu. Watu nimewaambia nakwenda kutembea, nitarudi karafuu zikiiva. Wakijua nahama watanililia, na wakinililia itanipasa nilie nao. Nami tangu Humoud azikwe, nikijipapasa ndani sipati kitu. Kama kutia mkono mfukoni mwa nguo ya mtu mwengine.

Basi siku wenzangu wanachambua mchele wa pilau, mimi nilikuwa uani nachambua miche.

Bi Zuweina, wa nyumba ya pili, ana mdomo. Mpilipili sikumpa, wa nini, na anao? Nikamchimbulia mchaichai, ambao ukiukata leo kesho umeota tena, sawa na maneno yake. Ummkulthum, niliyesoma naye Kurani chuoni tukiwa na meno ya utoto, siku hizi husahau kama ameshafuturu, akafuturu tena. Huyo nikamtilia mshubiri kwenye kopo la maziwa. Mshubiri ukiupa maji hushukuru, usipoupa husubiri.

Ukabaki mkilua wangu. Humoud aliupanda karibu na birika la maji alipoujenga ua, kwa sababu nilimwambia sikai nyumba isiyonukia maua. Mkilua si mti wa haraka. Mbegu zake hukaa ardhini mpaka ukazisahau, na vitawi vyake nimevichomeka mara nyingi vikakauka vyote, mkono wa baraka na yote. Kwa hivyo sikuwa na mche wa kutoa. Niliupogoa mkilua wenyewe mpaka likabaki gongo na vitawi viwili, nikauzungushia jembe. Mzizi mkubwa nikaukata kwa panga, ukalia kama mfupa wa mbuzi.

Nikangoja niumie. Hapana kitu. Nikaokota ua moja lililoanguka, nikalinusa. Nilijua linanukia, vile mtu anavyojua kuwa Wete iko kaskazini.

Sikukuu mosi nikaanza kugawa.

"Majani haya ya kunisafisha tumbo au ulimi?" akauliza Bi Zuweina.

"Anza na tumbo," nikamwambia. "Ulimi utataka shamba zima."

Ummkulthum alilishika kopo kwa mikono miwili. "Ahsante, shoga. Wa nani huu?"

"Wako."

"Kanipa nani?"

"Mie, sasa hivi."

"Mungu amlipe," akasema.

Ndoo ya rangi yenye mkilua, gongo nimelifukia vitokeze vitawi tu, niliikokota mpaka kwa Kijakazi, jirani yangu. Ua wake na wangu unatenganishwa na makuti tu. Alikuwa barazani na kanga mpya, inanuka duka bado.

"Idi njema, Kija."

"Na kwako, shoga. Ndoo ya rangi? Umekuja kunipakia nyumba?"

"Zawadi. Mkilua."

Akaweka sinia chini. "Mkilua! Miaka yote nakuomba, unanambia ngoja mbegu iote."

"Imeota."

"Na wako?"

"Upo pale pale, kando ya birika. Nikirudi karafuu zikiiva, tutashindanisha maua."

Alinitazama. Mimi nikatazama mlango wake. Akainama kuinyanyua ndoo, ikamshinda.

"Mbona nzito hivi?"

"Udongo una maji. Mvua ya jana hukuiona?"

Alichomeka vidole kwenye udongo, kama anayetazama wali umeiva, akawa anaufukua pole pole. Gongo likatokeza, nene kama kifundo cha mkono wangu, na chini yake mzizi uliokatwa panga, bado mbichi.

"Hebu nambie," akasema. "Mbegu gani hii, inazaliwa ishazeeka?"

"Ya Kiarabu. Humoud ndiye aliyeijua."

"Usimsingizie maiti siku ya Idi."

"Basi lete maji tuumwagilie, kabla haujakauka."

Maji hakuleta. Alijifuta mikono kwenye ile kanga mpya, jambo ambalo Kijakazi halifanyi, akaingia ndani akapita mpaka uani kwake. Nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya jengine. Alikuwa amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, amelishika kuti, anachungulia kwangu. Akachungulia muda. Mimi nilisimama nyuma yake nikivitazama visigino vyake, vimepakwa hina vizuri, nikafikiri: hina imeshika.

"Shoga," akasema bila kugeuka, "mbona kando ya birika naona shimo?"

"Kuku hao," nikasema. "Wanafukua, hawana adabu."

"Kuku," akasema Kijakazi. Sasa akageuka, na macho yake yalikuwa yameshajaa. "Wewe kuku umewafuga lini?"