Kisima Kilichosema Kijerumani

Asubuhi ya Jumatatu Mashavu alikuwa akiteka maji kisimani kwake Jambiani, kabla hajashuka pwani kwenye mwani wake, ndoo ya kwanza ikapanda na mwanamume anayeimba. Sauti ilikuwa nzito, na maneno yalikuwa ya Kijerumani. Mashavu akaimimina ndoo kwenye dumu, akakaza kifuniko, na mwanamume akaendelea kuimba humo humo, kwa taabu kidogo. Ndoo ya pili ilikuwa na mwanamke anayesukutua.

Aliwajua. Walikuwa wageni wa nyumba mpya ya mdogo wake, Kheir, aliyoijenga nyuma ya nyumba yake ya kwanza, kwenye kiwanja cha urithi kinachopakana na kisima. Jambiani hakuna bomba la kuchukua maji machafu. Kila nyumba ina karo lake, shimo la kupokea ya chooni na ya bafuni. Kheir alipoomba kibali cha nyumba ya pili aliambiwa achimbe karo la pili, lijengewe sawasawa, liwe mbali na kisima. Kheir aliitikia naam kwa kila sharti.

Mashavu akamfuata barazani.

"Kheir, kisima kinasema."

"Kinasemaje?"

"Sijui. Kijerumani."

Kheir akapiga funda la chai. "Hao wanaondoka Ijumaa, dada. Kitanyamaza."

Wajerumani wakaondoka, wakaja Wataliano, na kisima kikabadili lugha. Majirani walizoea upesi. Nassra, jirani wa ng'ambo ya njia, alisema yeye anawapenda zaidi Wataliano, maana waligombana na kupatana kabla ndoo haijajaa. Maji yenyewe yalikuwa meupe, hayana hata kijiti. Mashavu aliyachemsha alipopata kuni. Asipopata, aliyanywa yakiwa na mazungumzo yake. Bomba la kijiji lilikuwa likitoka siku moja na kukauka wiki nzima.

Kisha Radhiya, binti yake, akashikwa na tumbo la kuendesha. Alikuwa na mimba kubwa, na kwa siku mbili hakuweza kusimama. Mashavu alimpeleka hospitali akiwa amemlaza mapajani njia nzima, midomo imemkauka, akimsomea kila dua aliyoijua na kurudia zile fupi.

Daktari aliweka kipimo tumboni kusikiliza moyo wa mtoto. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Anakunywa maji ya kisima?"

"Ndiyo."

"Mtoto mzima. Lakini kuna wanaume wawili wanamfunika kwa sauti zao. Unawajua?"

Mashavu akainama, akaweka sikio. Wa kwanza alikuwa Kheir. Nyuma yake bomba la bafu lilikuwa limefunguliwa kwa majaribio, na maneno yake yalikuwa yameshuka na maji yale, yakapita karoni, yakapenya mawe ya matumbawe, yakachelewa njiani kama yanavyochelewa mambo yote.

"Karo la pili la nini, bwana? Fundi Jaku keshaunganisha hapo hapo kwenye la zamani. Nani atafukua?"

Wa pili alikuwa Bwana Khalil, afisa wa afya aliyetumwa kukagua.

"Basi tuseme lipo," akasema. "Hiyo harufu ni biriani?"

Radhiya akafumbua macho. "Mama, mjomba yumo tumboni mwangu?"

"Yumo."

"Na mwanangu?"

"Yumo, mama. Kajibanza pembeni."

Daktari alimtundikia Radhiya chupa ya maji ya mshipani, na yale yalikuwa kimya. Mashavu alikaa akiyatazama yakidondoka. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi, maana yeye ndiye aliyemlea Kheir mgongoni.

Radhiya alipopata nafuu, Mashavu alirudi kisimani, akateka na kumwaga mpaka akazipata sauti zile mbili. Akazifungia kwenye dumu, akaenda nazo mjini hadi ofisini kwa Bwana Khalil, akalifungua juu ya meza.

Bwana Khalil alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha.

"Ni mimi," akasema. "Siku ile nilikuwa na mafua."

"Mwanangu nusura nimzike, Bwana Khalil."

"Pole sana, Bi Mashavu. Hili lazima lishughulikiwe."

Na kweli alikuja, kesho yake tu, na utepe wa kupimia. Alipima kutoka karoni mpaka kisimani, akapima tena kutoka kisimani mpaka karoni. Kheir alimshikia ncha ya utepe. Majirani walisimama na ndoo zao wakingoja.

"Viko karibu mno," alisema Bwana Khalil. "Sheria hairuhusu kabisa."

"Alhamdulillahi," alisema Mashavu.

"Kwa hiyo kisima kitabidi kihame."

Kisimani mtu alipiga chafya, hapakuwa na wa kumjibu.

"Kisima hiki kachimba babu yangu," alisema Mashavu. "Karo limekikuta."

"Ndiyo tabu ya vitu vya zamani, Bi Mashavu. Vimechimbwa bila kufikiria nyumba ya pili."

Kheir alimtazama dada yake, akatazama chini. "Nitakusaidia kukihamisha," akasema, na alionekana kumaanisha.

Kisima hakikuhama, kwa kuwa hakuna aliyejua kinashikwa wapi. Radhiya alijifungua salama mtoto wa kike. Kheir alianza msingi wa nyumba ya tatu, akaweka mabenchi mawili kando ya kisima, na alasiri wageni wakawa wanakuja kukaa hapo kujisikiliza, wanacheka, kila mmoja na chupa yake ya maji ya dukani mkononi. Wakiondoka, Mashavu huziokota zile chupa tupu, akazisuuza na kuzijaza kisimani. Vifuniko vyake hubana vizuri kuliko vya madumu, na mjukuu wake hulala bila kelele.