Maji ya Birika la Tatu

Tangu waasi walipoishika Butembo, chemchemi ya hospitali ilikuwa imegeuka mali ya askari wao. Waliosha humo jeep yao na viatu vyao, wakatemea mate, wakacheka, huku mashine kubwa ya umeme ikikosa maji ya kuipoza. Mzee Malachie, aliyeitunza mashine hiyo tangu siku za mapadri wazungu, aliyaona hayo kila asubuhi, na moyo ukamchafuka.

Lakini kilichomchafua zaidi ni kazi ya fundi Ézéchias. Ili mashine ipate maji, huyu alichimba mabirika matatu kwenye mteremko chini ya wodi. Maji ya vyoo na ya kufulia yalituama katika la kwanza, yakachujwa kwa kokoto na matete katika la pili, na katika la tatu yakawa meupe. Kutoka hapo mpira wa maji uliyateremsha hadi kwenye mashine.

"Papa Malachie, ile maji iko safi. Na mashine haina pua!" Ézéchias alimtania.

"Mashine haina. Mimi niko nayo."

Siku ya Jumanne, Kavira, binti yake Malachie, aliletwa kutoka Alimbongo, mtoto amekwama tumboni tangu juzi. Daktari akaamua kumpasua. Mawingu yalikuwa yamefunga, na bila umeme chumba cha upasuaji kilikuwa giza tupu.

Malachie hakuvumilia kwamba taa ya mwanawe itegemee uoza ule. Akafanya kama walivyofanya kwao tangu zamani kwa choo kinachonuka: akabeba ndoo mbili za majivu ya jikoni, akayamwaga katika birika la tatu. Harufu ikakatika. Akajiona ameyatakasa maji.

Kavira alikuwa amekwisha kupasuliwa tumbo, bado hajashonwa, mashine ilipoanza kukohoa. Mshale wa joto ukapanda hadi alama nyekundu. Ézéchias akakimbilia birika, akarudi ameshika kichwa.

"Nani aliweka majivu mule?"

"Ni mimi. Tunawekaka ku choo."

"Ah, papa! Imekuwa matope, imeziba mupira! Nikizima mashine, Kavira atabakia mu giza, tumbo wazi. Nisipozima, itaungua!"

"Sasa tunazibua namna gani?"

"Kuvuta na kinywa. Mimi nashikilia mafuta hapa, napunguza moto. Nikiachilia tu, inazimika. Donc, basi, ni weye utavuta."

Malachie akapiga magoti. Akauchomoa mpira kwenye mashine, akaufuta kwa shati mara mbili, kana kwamba uchafu ulikuwa nje. Kisha akafumba macho, akautia mdomoni, akavuta. Tope lenye utelezi likamjaa hadi kooni. Akalitema, akatapikia viatu vyake mwenyewe, akavuta tena. Mara ya nne maji yakaja kwa nguvu, ya vuguvugu, naye akameza funda zima kabla ya kuwahi kuurudisha mpira mahali pake. Mshale ukasita, kisha ukashuka.

Baada ya nusu saa muuguzi Adèle akatokea na mtoto ndani ya kitenge.

"Papa, ni musichana! Na mama yake iko muzima. Mukamate mujukuu wenu, mumubusu!"

Malachie akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, kiganja juu ya kinywa. Alimtazama mtoto kwa mbali, machozi yakimtiririka.

"Mumurudishe kwa mama yake," alisema nyuma ya kiganja. "Na hii kinywa? Hapana. Hapana leo."