Taa za Watu wa Filamu

Meneja wetu, Bwana Sugden, akiona kamera mlangoni alibadilika sura kama aliyeona mwizi. "Mtu akishawaona bure kwenye runinga," alikuwa akisema, "ataacha bia yake aje kulipa kiingilio kwa lipi?" Ndiyo maana bendi yetu, Ironwell, ilijaza kumbi kaskazini yote ya Uingereza bila mtu kuipiga hata kipande cha filamu. Mwaka 1973 alilegea, kwa kuwa Wamarekani walitaka kutuona kabla ya kutualika kwao.

Onyesho la kupigwa filamu lilikuwa nyumbani, Burnley, mji wa viwanda vya nguo. Mimi niliendesha taa za jukwaani. Kaka yangu Clive alipiga ngoma. Mama yetu, Hilda, aliketi mstari wa mbele. Alikuwa kiziwi. Alifuma nguo kiwandani tangu usichana, mashine zikamla masikio kama zilivyowala wenzake. Lakini wanawake wale walizoea kusemezana kwa midomo tu, bila sauti, na sisi wanawe tulijua lugha hiyo kabla ya kujua kusoma.

Watu wa filamu walikuja na taa kubwa kama masufuria ya harusi. "Dada, zako zima," mkuu wao aliniambia. "Kwa giza lako hili hatutapata kitu."

Zilipowaka, ukumbi ukaharibika. Vijana waliozoea kuruka gizani wakajiona wanaonekana. Wakasimama wima kama wako kanisani. Joto likalegeza nyuzi za gitaa la Alun. Rex, mwimbaji, alikunja uso kama anayelishwa limau. Kisha filamu ikaisha katikati ya wimbo, maana ukanda mmoja haukuzidi dakika kumi, wakatuamuru tusubiri wabadilishe. Watu wakaanza kupiga miluzi.

Nilikuwa nimesimama pembeni, mikono haina kazi. Mara nikamwona Mama anakuja mbiombio.

"Doreen," midomo yake ikasema. "Yule Rex kamwambia mwenzake wa gitaa, Clive mwisho leo. Wamepata mwingine London."

"Umeona vizuri, Mama?"

"Kwa taa hizi? Hata meno yake nimeyahesabu."

"Basi tungoje waishe. Nitamwambia mwenyewe."

"Umngojee nani? Wote wanajua isipokuwa mwenye kazi! We baki hapo na nyaya zako."

Akaenda hadi ukingoni mwa jukwaa. Kamera ilikuwa imeanza tena na bendi imeingia wimbo mwingine. Clive alimtazama, akasoma midomo yake. Niliona shingo yake inakakamaa. Hakuacha kupiga, alipiga kwa nguvu, halafu kwa kasi, wimbo ukawa unawakimbia wenzake.

"Punguza, bwana!" Rex akageuka kumfokea.

Clive akaweka vijiti chini. Akashuka kwenye kiti chake, akaja mbele, akakivuta kipaza sauti cha Rex.

"Huyo wa London anaanza lini, Rex?"

Rex akamgeukia Alun. Alun aliangalia viatu vyake. Na kamera inanguruma tu.

"Zimeni hizo taa!" Rex akapiga kelele. "Zimeni, na mtoke!"

Bwana Sugden hakungoja wazizime. Alimrukia mpiga picha, akafungua kamera palepale, akavuta ukanda wote nje ukamwagika sakafuni kama utumbo wa kuku. Wakati taa zinazimika alikuwa akiukanyaga na kulaani. Ukanda wa kwanza aliudai pia, na sijui aliupeleka wapi.

Nikawasha taa zangu nyekundu. Nilidhani Clive atachukua koti aende, lakini alirudi kwenye ngoma. "Hawa wamelipa," alisema. Akahesabu hadi nne, na wengine wakamfuata, watakataaje? Vijana wakaanza kuruka. Mama akabandika viganja vyake kwenye mbao za jukwaa, hakuviondoa hadi mwisho.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi watatu, tukila chipsi zenye siki. Clive alitembea haraka mno, anatangulia, anarudi, anatangulia tena. "Laiti usingeniambia," alimwambia Mama chini ya taa ya barabarani. Baada ya hatua chache akasema, "Hapana. Vizuri uliniambia." Mama akampa chipsi zake.

Ironwell walikwenda Marekani na yule wa London, wakarudi, wakavunjika. Clive alipata kazi gereji ya mabasi, jioni anapiga kwenye klabu. Siku hizi watu huniuliza kwa nini bendi za enzi zile hazina picha jukwaani. Nawaambia: filamu ilikuwa ghali, kamera nzito, mameneja waoga. Yote kweli.

Mama alipofariki, Rex alikuja mazishini, nywele nyeupe, hatulii kwenye kiti. Akanivuta kando ya meza ya chai.

"Doreen, ile nusu ya mwisho, Burnley. Nimezunguka nikiuliza kama kuna mtu ana hata picha. Hivi tulipiga vizuri kama ninavyokumbuka?"

"Muulize Clive."

"Nimemuuliza. Kanijibu kwamba hakuwa akisikiliza."

Nilimtazama. Kwa kweli hata mimi sikusikiliza. Macho yangu yote yalikuwa kwenye mikono ya kaka yangu.

"Sijui, Rex," nikamwambia, nikammiminia chai.