Mstari Mmoja wa Kijani

Kazini walimwita Mama Majani, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa mtafiti wa malisho. Tangu aajiriwe katika kituo kile alikuwa na kazi moja tu: kuchanganya jani gumu lisiloogopa jua na jani laini linalopendwa na ng'ombe, akitafuta mtoto mwenye ukakamavu wa mmoja na utamu wa mwingine. Wenzake walimtania kuwa ni mshenga wa majani. Ndoa zake nyingi hazikudumu. Watoto wengine walitoka wagumu kama fagio, wengine walinyauka joto lilipoanza tu kupanda.

Kiangazi kilichopita jua lilichoma shamba zima la majaribio, ukabaki mstari mmoja. Ulisimama kijani katikati ya vumbi kama vile haukusikia habari. Mama Majani aliugusa, akacheka peke yake, kisha akampigia simu mdogo wake, aliyeachiwa ng'ombe wa maziwa wa marehemu baba yao.

"Nimepata!"

"Umepata nini, dada? Mchumba?"

"Acha utani. Nimepata jani. Ng'ombe usiwauze. Nivumilie mpaka lizae, nitakuletea mbegu."

Kulikuwa na mnunuzi aliyekwisha kuwaona na kuwapenda. Mdogo mtu akamrudisha, maana dada yake hakuwa mtu wa maneno matupu.

Mvua zilikuja kiduchu, zikaondoka. Joto likarudi kali kuliko mara ya kwanza. Mstari ule ukatoa masuke marefu, yakapendeza macho. Mama Majani alivunja suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Yote yakapeperuka, haikubaki hata punje. Akavunja la pili, na la tatu, makapi matupu. Alipotazama maua kwa hadubini aliona chavua imesinyaa yote, imekufa kwa joto. Jani lenyewe lilistahimili jua, ila kuzaa halikuweza. Njia nyingine ilikuwa kugawa mashina na kuyapandikiza, lakini hilo linataka maji, na kisima cha kituo kilikuwa kinatoa matope.

Hakumwambia mdogo wake. Kila aliposhika simu, aliirudisha mfukoni. Mwisho aliyepiga ni mdogo mtu.

"Mama Mkwe kaanguka tangu asubuhi. Hainuki."

Mama Mkwe alikuwa ng'ombe mkubwa kuliko wote zizini, aliyeitwa hivyo kwa sababu alimpiga teke yeyote aliyempita bila kumsalimu. Mama Majani alikata simu. Kisha akachukua mundu, akaenda shambani, akaukata mstari wote. Alijua fika kwamba mashina yaliyokatwa katika jua lile hayachipui. Akafunga majani kwa kamba, akayatia ndani ya gari, akaendesha mpaka nyumbani kwao.

Mdogo wake alikuwa amechuchumaa zizini, ameshika kichwa cha ng'ombe mapajani. Wale wengine walisimama ukutani, mbavu nje. Mama Majani alisogeza jani mdomoni mwa Mama Mkwe. Ng'ombe akalinusa, akatoa ulimi, akalivuta. Akatafuna taratibu, akataka jingine.

"Anakula!" mdogo wake alisema, uso uking'aa. "Dada, umeona? Anakula! Sasa mbegu tunapanda lini?"

"Hakuna mbegu."

"Hakuna vipi?"

"Joto limeua maua. Hili unaloliona ndilo lote. Nimelikata lote."

Mdogo wake aliinua macho. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu masuke yakauke."

"Basi ungeniambia, dada. Yule mtu alikuwa bado anawataka."

Mama Majani alichukua jani jingine. Wakaendelea kumlisha, huyu upande huu, huyu upande ule. Ng'ombe wengine wakaanza kulia kwa njaa, wakagawiwa kilichobaki, kikaisha palepale.

Mama Mkwe alikufa alfajiri, jani bado li mdomoni. Waliosalia walikwenda na lori la kwanza lililokubali kuwachukua, na dereva alisema wazi kwamba anawataka kwa ngozi. Mdogo mtu alivunja zizi kwa mikono yake, akaenda kuwa mlinzi kwenye kinu cha unga. Bado hupigiana simu na dada yake. Huulizana afya, watoto, kazi. Habari za majani hazitajwi.

Kule kituoni, visiki vya mstari ule vilikauka vyote, vikang'oka kwa vidole viwili. Mkuu wa kituo alimwambia mtafiti wake ajikaze, aanze upya. Akaitikia. Siku hizi utamkuta amekaa kwenye kitalu cha kioo, kibano kidogo mkononi, anapaka chavua ya ua moja juu ya ua jingine. Kazi anaifanya kwa uangalifu uleule. Ila ukimuuliza anatazamia nini safari hii, hukwambia usogee kidogo, unamzibia mwanga.