Nani Atamwambia Mwalimu

Honorata alikuwa hoi kabla hata hajalowa. Alikuwa ameamka jua halijachomoza, amewaandaa wajukuu wawili kwenda shule, amempokea jirani aliyekuja kuazima sufuria kubwa kwa ajili ya sherehe ya kipaimara, na sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa bwawa la lodge moja nyuma ya kituo cha Kwa Mathias, Kibaha, kabebeshwa mtungi wa hewa mgongoni, akimsikiliza mume wake akimfundisha mwalimu wao namna ya kufundisha.

"Watu wa umri wetu hawapelekwi mbiombio," Sebastian alikuwa akisema. "Daktari kwanza. Tumeshakwenda, presha imepimwa, moyo umepimwa. Halafu bwawa kabla ya bahari. Na ukishazamia, kesho yake usikimbilie ndege, naitrojeni bado imo mwilini. Ndiyo maana mimi nimepanga turudi kwa boti."

"Vizuri sana, mwalimu," kijana alimjibu.

Kijana huyo aliitwa Khalfani. Tunasema kijana kwa mazoea tu, maana ana mke na watoto watatu, na mvi zimeanza kumchungulia kidevuni. Lakini Sebastian alimfundisha fizikia kidato cha tatu, na mtu uliyemfundisha fizikia hakui. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watalii chini ya maji kule kisiwani Mafia, na wageni wakipungua alirudi kwao Kibaha. Sebastian alipomkuta kwenye duka la vifaa vya umeme na kumwambia anataka kujifunza kuzamia, Khalfani aliitika palepale, mikono nyuma, kama ameitwa ofisini.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Binti yao Jenifa alitaka wazazi wake waadhimishe miaka arobaini ya ndoa mahali pengine, si ukumbi wa parokia na ile keki ngumu, akawaambia wachague. Honorata angechagua kulala. Angechagua chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, popote pale, hata Chalinze. Sebastian akachagua Mafia, tena si kukaa ufukweni kama watu wenye akili zao, bali kushuka chini kabisa kutazama matumbawe, kwa kuwa aliona kwenye video wazee wa Kizungu wenye vitambi wakielea huko bila taabu. Wastaafu wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja alimwuliza anazamia Sauzi au Ugiriki, na kama nahodha wa meli ana habari. Sebastian hakucheka. Alisema watu huzamia wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake, na mwenzake yeye atakuwa mke wake. Honorata hakuulizwa. Hakuulizwa hata wakati wa kufuga sungura.

Kilichomshangaza ni kwamba aliyapenda maji. Siku ya kwanza Khalfani alimshika mkono akamshusha hadi sakafuni, akamwonyesha kwa ishara avute hewa polepole na kuitoa polepole. Huko chini hapakuwa na mtu wa kumwita mama, wala bibi, wala wifi, wala mwenyekiti wa jumuiya. Simu haikulia. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikiingia na kutoka, akatambua kwamba hajaisikia kwa miaka mingi. Alilia kidogo ndani ya miwani yake ya kuzamia, na raha ya kulia bila kuulizwa una nini ilimfanya atake kubaki hukohuko.

Sebastian naye alikuwa na shida moja, na shida hiyo ilikuwa kubwa. Kuna zoezi ambalo kila anayejifunza lazima aliweze: unaruhusu maji yaingie kwenye miwani, kisha ukiwa umetulia palepale chini unapuliza kwa pua mpaka maji yatoke. Maji yakimgusa pua, Sebastian alibana mdomo, akatunisha mashavu, akapiga mateke na kufyatuka hadi juu. Na hilo ndilo jambo ambalo mzamiaji anakatazwa kabla ya mengine yote. Hewa iliyobanwa kifuani hutanuka kadiri mtu anavyopanda, na mapafu yanaweza kuchanika. Sebastian alilijua hilo kuliko mtu yeyote Kibaha nzima. Alikuwa amemweleza Honorata mezani, tena kwa kutumia puto la mjukuu. Ila puto na pua yake mwenyewe havikuwa kitu kimoja.

"Vizuri sana, mwalimu," Khalfani alimwambia kila alipoibuka akikohoa. "Bado kidogo tu."

Siku hiyo ya Jumatano nayo ilikuwa vilevile. Sebastian alipokwenda kubadilisha nguo, Honorata alimfuata Khalfani aliyekuwa akipanga mitungi.

"Mwanangu, yule hajui," alimwambia.

Khalfani hakujifanya haelewi. Alifuta mikono kwenye kaptula yake, akatazama mlango wa chumba cha kubadilishia. "Najua, mama."

"Sasa mbona unamsifia?"

"Nitamwambiaje mwalimu kwamba amefeli? Yule amenichapa, akanilisha, akaenda nyumbani kumwomba baba asiniachishe shule. Ulimi wenyewe hauendi." Alishusha pumzi. "Kule Mafia tutamshika mkono huku na huku. Atazoea."

"Na asipozoea?"

Khalfani akasema taratibu, kama anayependekeza jambo la kawaida, "Labda wewe mama useme masikio yanakuuma. Masikio yakiuma mtu hazamii, na mwenzake hawezi kuzamia peke yake. Safari inaahirishwa, mwalimu anabaki na heshima yake."

Honorata alimtazama. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba wazo lenyewe lilikuwa zuri. Alikuwa ameumwa kwa niaba ya Sebastian mara nyingi sana. Aliwahi kuumwa kichwa ili Sebastian asisome hotuba ndefu kwenye harusi ya watu. Tangu macho ya Sebastian yaanze kufifia kwenye usukani, yeye Honorata alikuwa "akitapika kwenye gari" kila safari ya usiku, ili walale njiani na kuondoka kukipambazuka.

Alhamisi alikwenda kijijini Marui. Alipanda gari hadi Kisarawe mjini, halafu pikipiki, vumbi likamjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa amebakiwa na tumaini moja tu, nalo ni Yasinta, dada mkubwa wa Sebastian, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ulimwengu mzima ulimheshimu Sebastian. Yasinta peke yake ndiye aliyeweza kumwambia kaa chini, na akakaa.

Alimkuta uani anamenya mihogo. Wakasalimiana, Honorata akapewa kisu naye akaanza kumenya, kwa sababu nyumbani kwa Yasinta huwezi kuongea mikono mitupu. Alieleza yote, bwawa na pua na mapafu. Yasinta alisikiliza bila kuinua uso.

"Sasa wifi unataka nimwambie mimi," alisema mwishoni.

"Wewe ukimwambia atasikia."

"Zamani angesikia." Yasinta alitupa muhogo kwenye beseni. "Mwaka juzi alikuja hapa akanifundisha kupanda mihogo. Kupanda kwa kamba, mistari, vipimo. Mimi, niliyezaliwa shambani. Nilitaka kumfukuza na mpini wa jembe. Nikasema ndiyo mdogo wangu, umesema kweli. Alipoondoka nikapanda ninavyojua. Unajua kwa nini nilisema ndiyo?"

Honorata aliinamia kisu chake. Alijua.

"Kwa sababu ulinipigia simu," Yasinta aliendelea. "Alipostaafu akawa anashinda chumbani na pajama, hali, haongei. Ukalia kwenye simu. Ukasema, wifi, mwambie maneno mazuri, asione kwamba kazi yake imekwisha. Ukatuomba wote. Mpaka padre ulimwomba. Nikakutii. Sasa leo unataka nimwangushe mimi?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa mzee, ana miguu inayovimba, na mihogo bado ilikuwa nusu gunia. "Sema unaumwa," alimalizia. "Mwanamke akiumwa hakuna anayeuliza sana. Mimi sina nguvu ya kugombana na mtu tena, wifi."

Honorata alirudi Kibaha na mihogo kwenye mfuko na uamuzi wake. Atasema masikio. Njia nzima alifanya mazoezi ya kukunja uso.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Khalfani alipaswa kuwapigia wenzake wa Mafia na kuwaambia kama wazee hawa wako tayari kwa safari ya Desemba. Walishuka wote watatu. Honorata alimaliza zoezi lake bila papara, akatua sakafuni kwa magoti, akamtazama mume wake kwa karibu. Maji yaliingia kwenye miwani ya Sebastian. Safari hii alijikaza. Alikaa zaidi kidogo kuliko siku zote, macho kayafumba, ngumi zimekaza, na Honorata akajikuta anamwombea, puliza, puliza baba, puliza tu. Kisha mashavu yakatuna. Akafyatuka. Honorata alimfuata kwa macho mpaka juu na hakuona mapovu hata kidogo yakimtoka mdomoni.

Naye alipoibuka, Sebastian alikuwa ameshikilia ngazi, anakohoa, mkono mmoja kifuani, na uso wake unang'aa kwa furaha.

"Umeona, Mama Jenifa? Leo nimekaa."

"Umekaa kweli, mwalimu," alisema Khalfani. "Vizuri sana. Nadhani leo hii nitawapigia Mafia." Akamtupia Honorata jicho, akingoja.

Mkono wa Honorata ulikuwa umeshafika sikioni. Uso ulikuwa umeshakunjwa. Ilibaki kusema tu. Naye akaona jinsi mambo yatakavyokuwa: atasema masikio, watarudi nyumbani, Sebastian atamhurumia na kumpikia uji ulioungua, mwakani atataka kujaribu tena, na yeye itabidi aumwe tena. Na chini kule hatarudi. Atabaki huku juu na sufuria za majirani. Hasira ilimpanda, kwa Sebastian kidogo, na kwa nafsi yake zaidi.

Alishusha mkono.

"Baba Jenifa, hujafaulu," alisema.

Khalfani aliinama kukaza mkanda ambao ulikuwa umekaza tayari.

"Nini?"

"Hujafaulu. Leo hujafaulu, na Jumatano hukufaulu, na wiki iliyopita. Maji yakikugusa pua unabana pumzi na kukimbilia juu. Nilikuwa pale chini nakutazama. Ukifanya vile baharini utakufa, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni naona."

Sebastian alimgeukia Khalfani. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya darasani. "Khalfani. Nimefaulu au sijafaulu?"

"Mwalimu, kule tungekushika mkono huku na..."

"Sijakuuliza hivyo."

Khalfani alitazama vidole vyake vya miguu. "Hujafaulu, mwalimu."

"Na yeye?"

"Mama anaweza. Alianza kuweza mapema."

"Mimi nitakwenda," Honorata alisema. "Desemba nitakwenda, nitazamia na Khalfani. Wewe njoo ukae kwenye boti, au endelea na mazoezi hapa mpaka uweze. Lakini mimi nitashuka."

Khalfani alibeba mtungi mmoja, akarudi akabeba mwingine, akaona afadhali akae hukohuko kwenye gari. Sebastian alitoka majini, akajifunga taulo la mjukuu lenye picha za samaki, akaketi ukingoni. Honorata akaketi pembeni yake. Mgongo wa Sebastian ulikuwa umepinda kuliko alivyokuwa ameuona nyumbani, na ngozi ya mabega imelegea. Alimpenda sana saa ile, na alitamani sana kuyarudisha maneno yake.

"Tangu lini?" Sebastian aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Watu kuniambia vizuri sana."

Angeweza kusema hajui. "Tangu ulipostaafu," alisema.

Sebastian alitikisa kichwa kidogo kidogo. Ilionekana anawapitia mmoja mmoja. "Yasinta? Ile mihogo?"

"Anapanda anavyojua yeye."

"Padre?"

"Naye."

Alichezesha maji kwa mguu. "Na wewe?" aliuliza, bila kumtazama.

"Mimi ndiye niliyewaomba," Honorata alisema. "Nilimpigia kila mmoja. Nilidhani utakufa mle chumbani. Nikashika zamu ya kukulinda, na sikupata wa kunipokea."

Upande wa barabarani basi lilipiga honi, likaondoka. Sebastian aligeuka, akamtazama mke wake usoni, akaendelea kumtazama, kama mtu anayesoma kitu ambacho alikuwa amekishika mkononi siku zote.

"Honorata," alisema. Hakumwita Mama Jenifa. "Kumbe umechoka sana."

Honorata alifungua mdomo kusema hapana, hajachoka, ni jua tu.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka."